Afisa wa NKVD au Politruki? Uchambuzi wa Kisa cha Picha Moja na Kitambaa Kimoja cha Ukosi

Kisa hiki kilitokea katika jumba dogo la makumbusho kwenye moja ya nchi tatu za Baltiki. Jina la mji, la jumba, la familia zinazohusika na la mtu aliye pichani yameondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili mhusika asitambulike. Swali lilikuwa kama mtu huyo, mwanajeshi wa Kisovieti, alikuwa wa NKVD, chombo cha mambo ya ndani na usalama cha Kisovieti, au politruki, yaani afisa wa siasa jeshini. Nilishiriki kwa upande wa picha. Nakieleza kwa urefu kwa sababu kinaonyesha jinsi rangi ya kitambaa kidogo kwenye ukosi inavyoweza kumpachika marehemu kosa zito, na jinsi ya kuisoma rangi hiyo bila kumwonea mtu.

Usuli

Bibi mmoja alifariki, wajukuu wake wakakabidhi albamu yake kwa makumbusho ya mji. Humo mlikuwa na picha za harusi, za ubatizo, za shule, na kurasa chache za wanajeshi wa Kisovieti waliopanga vyumba nyumbani kwa wazazi wake alipokuwa msichana. Wakati huohuo jumba lilikuwa linaandaa maonyesho kuhusu uhamisho wa nguvu wa 14 Juni 1941. Usiku ule na siku zilizofuata, vyombo vya usalama vya Kisovieti vilizoa watu majumbani mwao: takriban 10,000 Estonia, zaidi ya 15,000 Latvia na karibu 17,000 Lithuania. Walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Siberia na kwingineko. Wanaume wengi walitenganishwa na wake na watoto wao palepale kwenye stesheni, wao wakaishia kambini. Siku nane baadaye, 22 Juni, Ujerumani ikavamia.

Katika miji ile jambo hili bado ni kidonda. Wajukuu wa waliochukuliwa na wajukuu wa waliochukua hukutana sokoni. Kwa hiyo maneno "afisa wa NKVD" chini ya picha ya mtu mwenye jina lake kamili ni shutuma, hata kama aliyeyaandika alikusudia maelezo tu.

Picha yenyewe ni ya studio, ukubwa wa postikadi. Mwanaume wa miaka thelathini hivi ameketi, amevaa shati la kijeshi la kufungwa mkanda, kofia ameiweka gotini na mkono wa kulia umeilalia. Kwenye ukosi kuna vitambaa viwili vya mshazari, kimoja kila upande, na kila kimoja kina vimraba vitatu. Nyuma kuna muhuri wa studio ya mji huohuo, herufi ya kwanza ya jina na jina la ukoo kwa hati ya Kikirili. Tarehe hakuna. Ndani ya bahasha iliyobandikwa ukurasa uleule mlikuwa na kitambaa kimoja cha ukosi kilichong'olewa, chenye vimraba viwili na matundu ya cha tatu, rangi yake nyekundu iliyofifia na kuingia kahawia.

Rasimu ya maelezo iliyoandaliwa kwa ajili ya ubao wa maonyesho ilisema: "Afisa wa NKVD, 1941", ikifuatiwa na jina lake.

Rangi zilikuwa na maana gani

Kabla ya kuingia kwenye kisa, msomaji anahitaji kujua mfumo. Kamisarieti ya Watu ya Mambo ya Ndani, yaani NKVD, iliundwa Julai 1934 na kumeza chombo cha zamani cha polisi wa siri. Ndani yake kulikuwa na Kurugenzi Kuu ya Usalama wa Taifa, walinzi wa mpaka, vikosi vya ndani, askari wa kusindikiza wafungwa, polisi wa kawaida na mengine mengi. Februari 1941 usalama wa taifa ulitolewa ukawa kamisarieti yake, NKGB. Julai 1941 ukarudishwa. Aprili 1943 ukatolewa tena. Kwa hiyo hata maneno "afisa wa NKVD, Juni 1941" yana tatizo, kwa sababu mwezi ule usalama wa taifa ulikuwa chini ya NKGB.

Watu wa Usalama wa Taifa walivaa kitambaa cha ukosi cha rangi ya damu ya mzee chenye utepe wa ukingo wa nyekundu inayovutia kwenye zambarau. Kofia yao ilikuwa na kilele cha buluu angavu na mzingo wa damu ya mzee. Walinzi wa mpaka walikuwa na ukosi wa kijani cha mwanga, na kilele cha kofia kijani vilevile. Vikosi vya ndani navyo vilitumia damu ya mzee.

Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, lilikuwa na mpango wake: jeshi la miguu lilivaa ukosi wa nyekundu ya zambarau, mizinga mweusi wenye ukingo mwekundu, anga samawati wenye ukingo mweusi, wapanda farasi buluu wenye ukingo mweusi. Makamanda, tangu kanuni za Desemba 1935, waliwekewa ukingo wa utepe wa dhahabu. Maafisa wa siasa, wale makamisaa na mapolitruki, hawakupewa dhahabu. Wao walibaki na ukingo wa kitambaa kama wa askari wa kawaida, na kwa jeshi la miguu ukingo huo ulikuwa mweusi.

Mtego uko hapo. Nyekundu ya zambarau ni rangi ya jeshi la miguu, kundi kubwa kuliko yote, na ni rangi ya ukingo tu kwa Usalama wa Taifa. Ikichujuka kwa jua, jasho na miaka themanini, hubadilika ikawa kitu ambacho mtu yeyote mwenye haraka ataapa kuwa ni damu ya mzee.

Mambo yalivyokwenda

Mfanyakazi wa kujitolea aliipitisha picha kwenye programu ya kompyuta inayotia rangi picha za zamani. Programu ikatoa ukosi wa damu ya mzee na kofia yenye ubuluu. Akailinganisha na kile kitambaa cha kwenye bahasha, akaona vinafanana. Kisha akampigia simu mkusanyaji wa sare za zamani na kumuuliza: "Ukosi wa damu ya mzee wenye vimraba vitatu si ni NKVD?" Mkusanyaji akajibu kwamba inawezekana. Kwenye rasimu iliyofuata jibu hilo lilikuwa limeshageuka kuwa "imethibitishwa na mtaalamu".

Jumba lilitangaza jina la ukoo likiomba taarifa kutoka kwa wananchi. Mjukuu wa kike wa mtu yule, anayeishi nchi nyingine, akaandika. Hakutukana wala hakutisha. Alisema babu yake alikuwa mwanajeshi wa miguu, alijeruhiwa vitani, na kwamba kama jumba lina ushahidi mwingine angependa kuuona kabla haujasomwa na umma. Aliomba ushahidi, na kwa haki kabisa.

Mhifadhi mkuu akasimamisha uchapishaji wa ubao ule mmoja. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe tarehe ya kumbukumbu, yaani 14 Juni, na muda ulikuwa mfupi. Aliwaomba watu watatu waangalie upya: mtaalamu wa kuhifadhi vitambaa, mkusanyaji yuleyule wa sare, na mimi kwa upande wa picha. Sharti lake lilikuwa moja: kila mmoja afanye kazi peke yake, bila kuona picha iliyotiwa rangi na bila kusoma rasimu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiweka rangi kando na kuanza na muda. Alama za vimraba kwenye ukosi zilikoma mwanzoni mwa 1943, pale Jeshi Jekundu na kisha NKVD yenyewe viliporudisha alama za vyeo mabegani. Kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Mji ule uliangukia mikononi mwa Wajerumani majira ya kiangazi ya 1941, na Wasovieti waliporudi 1944 tayari walikuwa na alama za mabegani. Muhuri wa studio unaifunga picha ndani ya mji. Upande wa chini mhifadhi alitaka kuandika Juni 1940, jeshi la Kisovieti lilipoikalia nchi nzima, lakini mkusanyaji alikumbusha kwamba kambi za Kisovieti zilikuwepo Baltiki tangu vuli ya 1939 kwa mikataba iliyolazimishwa. Basi tukakubaliana: kati ya vuli ya 1939 na kiangazi cha 1941. "1941" ya rasimu ilikuwa ni kukisia tu, tena kukisia kunakomsogeza mtu karibu na usiku wa 14 Juni.

Vimraba vitatu, ndani ya muda huo, vinasomeka kwa njia tatu. Kwa kamanda wa jeshi ni luteni mwandamizi. Kwa afisa wa siasa ni politruki. Kwa Usalama wa Taifa ni luteni mdogo wa usalama wa taifa, kwani vyeo vyao vilipewa majina madogo kuliko uzito wake. Kapteni wao alihesabiwa sawa na kanali wa jeshi. Mtu akiona vimraba peke yake hajajua chochote kuhusu chombo.

Ukingo ndio uliopunguza njia hizo. Utepe wa dhahabu una mfumo wa nyuzi na hung'aa kwenye mwanga wa studio. Hata kwenye picha iliyochoka huonekana kama mstari wenye mng'ao usio sawa. Hapa hapakuwa na mng'ao wowote. Ukingo ulikuwa mwembamba, wa kitambaa, umefifia. Kamanda wa kawaida akatoka. Wakabaki wawili, politruki na mtu wa Usalama wa Taifa, na hao ndio hasa tuliotaka kuwatenganisha.

Hapa ndipo filamu inapoingia, na ndipo watu wengi wanapopotea. Studio nyingi za miaka ile zilitumia filamu ya othokromatiki, inayoona buluu na kijani lakini haioni nyekundu. Nyekundu huwa nyeusi, midomo hugeuka kama imepakwa wino, na buluu hupauka. Filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, hutoa matokeo mengine kabisa. Bila kujua ni ipi iliyotumika, kusema "ukosi ni mweusi, basi ni damu ya mzee" ni kubahatisha.

Bahati nzuri picha ya mwanajeshi wa Kisovieti hubeba kipimo chake ndani. Nyota ya kofia ni nyekundu. Enameli ya vimraba ni nyekundu. Hizi tunazijua rangi zake bila ubishi. Nilipokuza nakala iliyopigwa skani kwa azimio la juu, vimraba vilikuwa karibu vyeusi, kila kimoja kimezungukwa na mstari mwembamba wa chuma uliopata mwanga upande wa dirisha. Midomo nayo ilikuwa myeusi kuliko ilivyopasa. Filamu ilikuwa othokromatiki. Sasa naweza kulinganisha kitambaa na kimraba kilichokaa juu yake, vyote chini ya taa ileile: kitambaa kilikuwa cheupe kuliko kimraba, kijivu cha kukolea lakini si cheusi. Nyekundu yenye zambarau ina chembe ya buluu ambayo filamu ile inaiona. Damu ya mzee ingezama karibu sawa na enameli.

Ushahidi huo peke yake nisingeutegemea. Kijivu ni kijivu, na karatasi ya picha huzeeka. Kilichonipa uhakika zaidi ni ukingo ukilinganishwa na uwanja wake. Kwa Usalama wa Taifa, ukingo ni mwangavu kuliko kitambaa. Kwa politruki wa jeshi la miguu, ukingo mweusi ni wa giza kuliko kitambaa. Mwelekeo huo haubadiliki kwa filamu yoyote. Upande wa kushoto wa ukosi palikuwa na mstari mweupe uliowapoteza wengi, lakini ulikuwa mwanga uliogonga mkunjo, kwani uliendelea mbele ukapita kitambaa na kuingia kwenye shati lenyewe. Upande wa kulia, uliokuwa kivulini, ukingo ulionekana wazi: mstari wa giza unaozunguka uwanja wa kijivu.

Kofia iliongeza jambo lingine lisilotegemea ukosi. Kofia ya jeshi la miguu ilikuwa na kilele cha kaki, rangi ileile ya shati. Ya Usalama wa Taifa ilikuwa na kilele cha buluu angavu. Kwenye filamu ya othokromatiki buluu ile ingepauka na kuachana kabisa na shati. Katika picha hii kilele cha kofia na kitambaa cha shati pale gotini vilikuwa na kijivu kimoja. Ile buluu ya programu haikuwa na chanzo chochote ndani ya picha.

Mwisho, mikono. Watu wa Usalama wa Taifa tangu 1937 walikuwa na beji ya mviringo wa yai yenye upanga, ikishonwa juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa mtu wetu unaonekana kuanzia kiwiko hadi begani, na sehemu hiyo haina kitu. Maafisa wa siasa walivaa nyota ya kitambaa chekundu yenye nyundo na mundu juu ya mwisho wa mikono. Kofia iliyolala gotini inaficha sehemu hiyo karibu yote, lakini chini ya ukingo wake zinachungulia ncha mbili za giza zenye pembe kali. Kwa mwenye picha ya kawaida mkononi ni doa. Ikikuzwa, ni miguu miwili ya nyota.

Mtaalamu wa vitambaa, kwenye meza yake, alikuwa anafanya kazi ya aina nyingine kabisa, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Kimraba kimoja cha kile kitambaa cha bahasha kilikuwa tayari kimelegea. Miguu yake miwili ya waya nyuma ilikuwa imenyooka nusu. Kukitoa ni kuigusa historia ya kitu, na jumba lingeweza kukataa. Walijadili, wakaamua kikitolewa kipigwe picha kabla na baada, na kirudishwe palepale. Sababu yao ilikuwa nzuri: kulikuwa na shutuma dhidi ya mtu, na jibu lake lilikuwa chini ya kipande cha chuma cha ukubwa wa ukucha. Akainyoosha miguu kwa koleo ndogo ya plastiki, akakinyanyua. Chini yake palikuwa na mraba wa rangi ambayo haikuwahi kuona jua: nyekundu kali yenye zambarau ndani yake, imezungukwa na kitambaa kilichogeuka kahawia. Kwenye mshono wa nyuma, ukingo uliokunjwa ndani ulikuwa bado mweusi.

Swali la kama kitambaa kile kilikuwa cha mtu yule lilibaki wazi, na hatukuliunganisha kwa nguvu. Kukaa kwenye ukurasa mmoja wa albamu si kuwa shingoni mwa mtu mmoja. Lakini ule ushahidi wa "kitambaa cha damu ya mzee" uliotumika kumtia hatiani ulikuwa umeondoka.

Zikabaki nyaraka. Hifadhidata za wazi za Wizara ya Ulinzi ya Urusi, kama vile Podvig Naroda iliyofunguliwa 2010 na Pamyat Naroda iliyofuata 2015, zina karatasi za mapendekezo ya nishani na orodha za majeruhi na waliokufa. Utafutaji wa kwanza haukuleta kitu, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa kama familia inavyoliandika leo kwa herufi za Kilatini, kisha likarudishwa Kikirili kwa kubahatisha. Mjukuu alipotuma cheti cha kuzaliwa cha mama yake, tahajia ikajulikana, na karatasi ikapatikana: pendekezo la nishani la 1943, mtu wa jina hilo na mwaka wa kuzaliwa unaolingana na kumbukumbu za familia, yumo jeshini tangu miaka ya thelathini, ni kapteni, naibu kamanda wa batalioni ya miguu kwa mambo ya siasa. Hilo linakaa vizuri na politruki wa 1940, kwa kuwa Oktoba 1942 mfumo wa makamisaa ulifutwa na maafisa wa siasa wakapewa vyeo vya kawaida.

Tuliangalia pia orodha ya watumishi wa Usalama wa Taifa wa miaka 1935 hadi 1939, iliyochapishwa mtandaoni 2016 na shirika la Memorial, yenye watu karibu 40,000. Hayumo. Lakini orodha inaishia 1939, na picha yetu inaweza kuwa ya baadaye, kwa hiyo kutokuwemo kwake kulipewa uzito mdogo.

Matokeo

Maonyesho yalifunguliwa kwa tarehe yake bila picha ile. Baadaye iliingizwa kwenye ubao mwingine, unaohusu wanajeshi waliopangishwa majumbani, kwa maelezo haya: "Politruki wa jeshi la miguu la Jeshi Jekundu, kati ya 1939 na 1941." Jina halikuwekwa. Mjukuu alipelekewa nakala za ripoti zote tatu, pamoja na ile isiyompendeza, inayosema kwamba sare haiwezi kueleza mtu alifanya nini usiku wa 14 Juni, kwani askari wa kawaida na wanaharakati wa chama nao walitumiwa.

Mhifadhi aliagiza albamu nzima ipitiwe kwa utaratibu uleule. Kurasa tatu mbele kulikuwa na picha ya watu wawili bustanini, mmoja ameandikwa "mwanajeshi asiyejulikana". Kilele cha kofia yake kilikuwa kimepauka sana kuliko shati, ukosi wake mweusi wenye ukingo mwangavu, na juu ya kiwiko cha kushoto palikuwa na umbo la yai. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa Usalama wa Taifa, na alikuwa amekaa mle miaka yote bila kuulizwa swali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kuliko chochote ni kutenganisha wachunguzi. Mkusanyaji wa sare ni yuleyule aliyesema "inawezekana" kwenye simu. Alipopewa picha bila swali lenye jibu ndani yake, aliandika "politruki, jeshi la miguu" kwenye mstari wa kwanza wa ripoti yake. Ujuzi wake haukubadilika kati ya simu na ripoti. Kilichobadilika ni namna alivyoulizwa. Anayemuuliza mtaalamu "huyu si fulani?" anaomba muhuri, na kwa upole wa kibinadamu ataupata.

La pili ni mpangilio wa ushahidi. Rangi iliwekwa mwisho badala ya kuwa mwanzo, na kila hatua iliyotangulia ilikuwa inategemea kitu kisichofifia: tarehe ya kubadilishwa sare, umbo la alama, mahali pa beji, kitu gani ni cha giza kuliko kingine. Rangi ikabaki kuthibitisha tu. Naamini hii ndiyo njia ya kutegemewa kwa picha za rangi moja, na ningependa kuona makumbusho mengi yakiifuata.

Programu ya kutia rangi ndiyo iliyoleta madhara makubwa, na sioni sababu ya kuzunguka hapo. Programu haisomi rangi kutoka kwenye picha, rangi haimo. Inakadiria kutokana na picha nyingine ilizofundishwa nazo. Ukiitumia nyumbani kumwona babu akiwa na mashavu mekundu, hakuna anayeumia. Ikiingia kwenye faili la utambuzi, inapaswa kukataliwa mlangoni, kwa sababu jicho likishaona rangi haliwezi tena kuisahau. Ndiyo maana sharti la mhifadhi la kutoionyesha kwa wachunguzi lilikuwa la busara sana.

Kushindwa kwa utafutaji wa kwanza wa jina ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Kama mjukuu asingekuwepo, jumba lingeandika "hakuna kumbukumbu za utumishi wake jeshini", na sentensi hiyo, kwa msomaji wa kawaida, ingeimarisha dhana ya NKVD. Majina yanayohama kati ya Kikirili na Kilatini yatafutwe kwa tahajia zote zinazowezekana, na ukimya wa hifadhidata usiandikwe kama ushahidi.

Ipo pia mipaka ambayo ukosi hauwezi kuivuka, hata ukisomwa vizuri. Idara Maalumu, yaani watu wa kupeleleza ndani ya jeshi lenyewe, walivaa sare ya kikosi walichohudumia, mara nyingi kwa alama za maafisa wa siasa. SMERSH, chombo cha kupambana na ujasusi jeshini kilichoundwa Aprili 1943, nayo haikuwa na sare yake. Watu wake walichukua vyeo na mavazi ya jeshi. Kwa hiyo ukosi wa politruki haumtoi mtu moja kwa moja kwenye usalama. Katika kisa hiki ni karatasi ya 1943, yenye cheo cha naibu kamanda wa batalioni, iliyoziba pengo hilo, si kitambaa. Tena kuanzia Agosti 1941, kwa agizo la wakati wa vita, jeshi lililoko mstari wa mbele lilianza kuvaa vitambaa vya kaki na alama zilizopakwa kijani, ili maafisa wasilengwe kirahisi. Picha ya mstari wa mbele ya 1942 inaweza isiwe na rangi yoyote ya kusoma.

Upande wa pili nao una mpaka wake. Damu ya mzee ilivaliwa na aliyetia saini hati za kuwakamata watu, na ilivaliwa na askari wa vikosi vya ndani aliyelinda daraja. Divisheni ya 10 ya NKVD ilipigana Stalingrad 1942 na kumalizwa karibu yote. Yule mtu wa bustanini, mwenye beji ya yai, ameandikwa sasa "mtumishi wa Usalama wa Taifa, NKVD au NKGB, kati ya 1939 na 1941", bila kitenzi chochote cha kumtwisha tendo. Wapo waliotaka maneno makali zaidi, na kwa yaliyowapata wazazi wao nawaelewa. Mhifadhi aliwajibu kwamba akipatikana kwa jina, na jina lake likaonekana kwenye hati za operesheni ya 14 Juni ambazo nchi hiyo imezifungua katika nyaraka zake za taifa, maelezo yataandikwa upya na hati itawekwa pembeni ya picha. Utafutaji huo unaendelea, safari hii kwa tahajia zote.